Pengo la Pembeni

Kilichomshangaza Kimya kwanza ni alama za magurudumu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alifagia mbele ya kibanda cha shangazi yake, fundi cherehani, akaacha vumbi laini kama unga. Akirudi mchana alikuta mistari ya magari imepanda tuta la barabarani na kushuka upande wa pili. Lakini mistari ya pikipiki nyingi haikupanda. Ilifika karibu na tuta, ikajipinda, ikapenya pembeni, hapo hapo mlangoni kwao.

Tuta lenyewe lilikuwa jipya. Wakazi wa mtaa walilijenga kwa saruji baada ya kuchoshwa na vyombo vilivyopita mbio kama vinavyofukuzwa. Fundi mwashi aliacha pengo upande mmoja ili maji ya mvua yapate njia. Siku tuta lilipokauka, watu walilipigia makofi kama bwana harusi.

Lile pengo lilimtia Kimya wasiwasi. Kwenye ngazi ya mlango, karibu kabisa na pengo, ndipo alipopenda kukaa Bonge, mtoto wa mwisho wa shangazi, akisukuma gari lake la bati huku akinguruma kwa mdomo. Kimya alitaka kusema. Lakini mbele ya watu wazima maneno yalimkauka kooni. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kimya, na wengine walikuwa wameshasahau jina lake.

Alhamisi moja pikipiki ilipenya kwa kasi. Kwa bahati nzuri Bonge alikuwa ameinuka kumfuata paka. Gari lake la bati lilibaki bapa kama sahani.

"Gali langu!" alilia.

Shangazi alitoka mbio, mkasi mkononi, lakini pikipiki ilikuwa imeshapinda kona.

Jioni hiyo watu walikusanyika barabarani. Mwenyekiti wa mtaa alisimama juu ya tuta, maana alijaliwa sauti lakini hakujaliwa kimo.

"Tatizo ni kwamba tuta ni fupi," alisema. "Tulinyanyue!"

"Liwe refu kuliko wewe, mwenyekiti!" mtu alidakia kutoka nyuma.

"Na teksi yangu je?" dereva alilalamika. "Italala tumbo hapo juu, ibembee kama mizani!"

Watu walicheka, kisha wakaanza kunyoosha mikono kukubali. Moyo wa Kimya ukaanza kupiga kama cherehani. Tuta likinyanyuliwa, hata zile pikipiki chache zilizokuwa zikilipanda zitahamia pengoni. Alimvuta shangazi gauni.

"Nini tena, mwanangu? Sema. Hapa hakuna anayekula watu."

"Msilinyanyue," ilitoka sauti nyembamba.

"Heee, Kimya kaongea!" alidhihaki msichana mwenzake wa jirani. "Leo mvua itanyesha!"

Kimya alitaka kujificha nyuma ya shangazi. Ndipo alipomwona Bonge amekumbatia bati lake lililopondeka. Akasogea mbele.

"Pikipiki nyingi hazipandi tuta. Zinapita hapa, mlangoni petu. Mkilinyanyua, zote zitapita hapa, na Bonge atagongwa. Njooni muone."

Watu walisogea, wakainama. Fundi mwashi alichuchumaa, akaifuata ile mistari kwa kidole. Mwenyekiti akamgeukia kijana wa pikipiki aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Wewe, bwana mdogo, hupita wapi?"

Kijana alijikuna kichwa. "Kusema kweli, mzee, hapo hapo pembeni. Nani anataka kuvunja kiuno bure? Ila sikujua kuna mtoto anayekaa ngazini."

"Sasa umejua!" shangazi alimjibu, akimnyooshea mkasi.

"Kosa ni langu," alisema fundi mwashi. "Niliyafikiria maji, sikuzifikiria pikipiki. Nitalaza bomba chini maji yapite humo, kisha nizibe pengo mpaka ukutani."

"Mchanga nitaubeba mimi," kijana alisema haraka, jicho likiwa kwenye mkasi.

Kwa usiku huo, dereva wa teksi aliviringisha matairi yake makuukuu akayapanga pengoni. Jumamosi kazi ilikamilika, na saruji ilipokauka pikipiki zikaanza kupanda tuta taratibu, zikinesa kama ngamia. Hata hivyo, Bonge alitengewa nafasi ya kuchezea uani, na fundi mwashi akamtengenezea gari jipya la bati.

Majirani walipokuja kulitazama tuta, shangazi alimshika Kimya bega mbele yao.

"Sisi sote tuna macho," alisema, "lakini tulilitazama tuta tu, hatukutazama watu wanalipitaje. Mtoto akiona hatari, aseme, hata kama sauti inatetemeka. Na sisi wakubwa tunyamaze tumsikilize. Umesikia, mwanangu? Kuanzia leo ukiona jambo lina kasoro, usilifungie moyoni."

"Hata likiwa dogo?"

"Hata likiwa dogo."

Kimya alitazama chini, kisha akamtazama shangazi usoni.

"Basi, shangazi, ile sketi ya shule uliyonishonea inanibana. Nikikaa darasani, sipumui."