Dakika Nne Getini

Sokoni Jinja, Jumamosi saa tano, watu wanakanyagana, na pale kwenye vitambaa mikono miwili ikashika kitambaa kimoja cheusi.

"Achia, bwana," alisema Nambozo, askari wa magereza, kaki imenyooshwa kwa pasi, kamba ya filimbi begani, kofia imekaa upande. "Mimi nina msiba."

"Pole, afande. Mimi sina msiba, nanunua giza."

"Giza linauzwa?"

"Kwa mpiga picha, ndiyo. Njoo Nalufenya nikuonyeshe."

Mwanaume huyo jamani! Siraje alikuwa na studio ndogo, na uani kwake darubini aliyoachiwa na mhandisi mmoja aliyerudi kwao. Mwaka huo wa tisini na saba, nyota yenye mkia ilionekana kila jioni upande wa machweo. Watu walifunga madirisha wakisema inaleta vifo, yeye anaipiga picha. Nambozo akaachia kitambaa, akachukua namba ya simu. Msiba wenyewe hakuwa nao, alitaka pazia tu.

Mwezi haukuisha, simu ya ofisini kwao haipoi.

"Afande wangu, umekula?"

"Nimekula, bwana giza. Usinichekeshe, mkubwa yupo."

Kitu kimoja kilimkera Nambozo. Siraje alifiwa na mkewe, Kagoya, miaka mitatu nyuma, na jirani yake, Bi Nangobi, aliapa kwamba jioni humsikia akiongea naye uani.

"Ijumaa njoo baada ya magharibi," Siraje akamwambia. "Nina neno la kukuuliza."

"Neno gani?"

"Njoo kwanza, mpenzi."

Ijumaa Nambozo alichelewa kutoka kazini, akaja na kaki yake. Umeme ulikuwa umekatika Nalufenya nzima. Kandili ya Bi Nangobi dirishani ndiyo iliyotupa mwanga kidogo getini. Siraje alikuwa amempa mgongo, jicho kwenye darubini. Kabla hajamwita, akaisikia sauti yake, ile ya upole, ile ya kwenye simu.

"Nakupenda, Kagoya. Unajua nakupenda."

Kisha Siraje akanyamaza, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza jibu. Nambozo alisimama pale hata kope hazichezi, naye, Mungu amsamehe, akawa anasikiliza. Mtaa mzima kimya, hata mbwa habweki. Alipoona Siraje bado anasikiliza, akageuka akaondoka. Jumatatu akaomba uhamisho, wakampeleka Mbale, kwao.

Siraje alimsubiri Ijumaa hiyo mpaka chai ikapoa. Akapiga simu magereza. Hayupo. Akapiga tena, hayupo. Akaamini amekataliwa.

Wiki mbili baadaye akaosha filamu ya Ijumaa ile. Kamera alikuwa ameiweka chini karibu na mlango, imekaa wazi dakika kumi, ikitazama mbingu juu ya geti. Nyota zilikuwa zimechora mistari, nyotamkia ipo. Na getini alisimama mwanamke, miguu haionekani, uso ukungu mtupu, mistari ya nyota ikipita kifuani mwake.

"Kagoya huyo!" Bi Nangobi alipiga yowe alipoonyeshwa. "Ichome, Siraje! Atakuchukua!"

Hakuichoma. Aliiweka chini ya mto, na usingizi nakwambia hakuuona, akingoja mlango ugongwe. Asubuhi akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Begani mwa mwanamke yule palikuwa na kamba. Kamba ya filimbi! Kagoya alikuwa mshona nguo, filimbi ya nini?

"Alikuja," Siraje akasema peke yake studio. "Mama yangu, kumbe alikuja!"

Akaulizia magereza alikohamishiwa, akamfuata mpaka Mbale, na chini ya mnara wa saa Nambozo alitokea na gauni la manjano, amekunja uso. Siraje akampa picha hata salamu hakutoa.

"Yesu! Mimi nimekufa?"

"Hujafa. Kamera ilikaa wazi dakika kumi, wewe ulisimama kama nne, ukaondoka. Zilizobaki, nyota zikapita mahali ulipokuwa."

"Niliondoka kwa sababu ulikuwa na mkeo."

Siraje hakukataa. "Nilikuwa namuaga. Kabla hujafika nilikuwa nimeshamwambia kuna mtu anakuja, nataka kumuoa, aniachie nyumba. Mwisho nikamwambia nampenda, nikangoja."

"Akasema nini?"

"Nilisikia nyayo zikitoka getini. Nikadhani amekubali."

Nambozo aliitazama picha tena. "Zilikuwa zangu, mjinga wewe."

"Sasa najua. Nilimfukuza aliye hai." Machozi yakamtoka palepale, watu wakipita. "Neno lenyewe nililotaka kukuuliza ni hilo, Nambozo. Nikuoe?"

"Na yeye? Ameondoka?"

"Sijui. Siwezi kukudanganya."

Jibu hilo ndilo lililommaliza. Angesema ameondoka, Nambozo asingemwamini.

"Kale, nimekubali," alisema, akimfuta machozi kwa kiganja. "Ila picha tunaipiga upya. Nitakaa dakika kumi zote, na akija ataona kiti kina mtu."

Waliipiga kabla nyotamkia haijatoweka. Ipo ukutani studio mpaka leo. Nambozo amekaa kwenye kiti, mzima, hakuna nyota hata moja iliyompita kifuani. Aliyetoka kama moshi ni Siraje, maana alishindwa kutulia, kila mara anageuka kumwangalia Nambozo kama bado yupo.