Edelmira na Siku ya Vikunya

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Edelmira alitumwa mikate. Duka lilikuwa ng'ambo ya ufuo wa mji wao, Mollendo, naye hakupita barabarani kama watu wengine. Alikimbia mchangani, miguu mitupu, ukungu wa bahari ukimlowesha nywele, akarudi mikate ikiwa bado ya moto. Shuleni hakukuwa na msichana wa kumshinda mbio. Mwenyewe alijua hivyo, na alipenda wenzake wajue pia.

Mwaka huo bibi yake, Bibi Saturnina, alipiga simu kutoka milimani. "Chaku inakaribia," alimwambia baba yake Edelmira. "Mlete mjukuu wangu aione. Lakini njooni mapema, mlale bondeni kwanza. Msije mkapanda kwa pupa."

Edelmira alikuwa akiota chaku tangu akiwa mdogo. Hiyo ndiyo siku kijiji kizima hushika kamba moja ndefu yenye vitambaa vya rangi, kuwazunguka vikunya, wale wanyama wa porini wenye shingo nyembamba na manyoya laini kama pumzi. Hunyolewa, kisha huachiwa warudi zao nyikani.

Baba yake, Eusebio, alifanya kazi bandarini, na ruhusa yake ilichelewa. Wakapanda basi siku moja kabla ya chaku. Bondeni hawakulala. Basi lilipanda na kupanda, bahari ikabaki nyuma, mawingu yakawa chini yao, na jioni wakashuka mbele ya nyumba ya mawe ya Bibi.

Anga lilikuwa karibu mno. Edelmira aliona kana kwamba akinyoosha mkono angelichafua kwa vidole. Akaruka kutoka kwenye basi, akakimbilia zizi la llama, wanyama wa kubeba mizigo, na alipofika akashangaa kujikuta anahema kama mzee.

"We mtoto!" Bibi alimwita. "Huku hewa ni nyembamba. Tembea kama llama mwenye mzigo. Kunywa maji, kula kidogo kidogo. Na kichwa kikikuuma, useme. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Binamu yake Percy alikuwa ameegemea ukuta, anatafuna mahindi ya kukaanga. "Mwaka jana alikuja mgeni wa pwani kama wewe," akasema. "Alitapika ndani ya sufuria ya supu! Kesho ukishindwa, utakaa jikoni na wazee."

"Mimi? Mimi nakupita mbio, wewe na llama wako!"

Lakini supu ya viazi ilipoletwa, hakuweza kuimeza. Kitu kilianza kugonga taratibu nyuma ya macho yake.

"Kichwa vipi?" Bibi aliuliza.

Percy alikuwa anamtazama. "Hakiumi," Edelmira akajibu. Asubuhi alipoulizwa tena, alijibu vilevile, ingawa usingizi haukumjia na kifungua kinywa kilimtia kichefuchefu. Baba yake naye hakuigusa chai yake, ikapoa kikombeni.

Wakapanda hadi uwanda wa juu, kijiji kizima. Kamba ikatandazwa kutoka kilima hadi kilima, vitambaa vyekundu na vya njano vikipepea, na watu wakaanza kusogea pamoja, wakiimba. Kwa mbali vikunya wakatokea. Kwanza wachache, kisha kundi zima, rangi ya asali, wakitiririka juu ya nyasi bila kishindo. Edelmira aliwatazama akahisi yeye pia anaelea. Nyimbo zilimfikia kama zinatoka chini ya maji. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Akawaza, bila hofu yoyote, kwamba angependa kulala pale pale kwenye nyasi, awaache wapite juu yake kama upepo.

Kamba ikamponyoka.

"Shika kamba!" Percy alipiga kelele. "Mira, shika kamba!"

Vikunya waliliona pengo. Kundi zima likageuka, likapita pembeni yake, likapotea nyuma ya kilima. Watu wakaguna. Percy alikuja mbio amefura kwa hasira, kisha akasimama ghafla. Edelmira alikuwa anajaribu kumfuata, lakini alikwenda upande kama mlevi.

"Unaumwa?"

"Niko sawa," alisema, akaanguka kwa magoti na kutapika.

Percy akamshika mabega. Hakucheka. "Bibi! Baba mdogo! Njooni!"

Bibi Saturnina alipiga magoti, akamwinua uso. "Niambie kweli, mwanangu."

"Kichwa kinapasuka, Bibi. Tangu jana. Nilikudanganya."

"Tumlaze nyumbani apumzike," Eusebio akasema. "Kesho..."

"Kesho ipi?" Bibi akamkatiza. "Anayepepesuka hivi halazwi huku juu. Anashushwa. Sasa hivi!"

Jirani mmoja akaleta pikapu. Eusebio alipanda nao, na Percy alimpakata binamu yake njia nzima. Mwanzoni Edelmira aliwajibu kwa maneno yasiyoeleweka, lakini kadiri barabara ilivyoteremka, sauti zilianza kumrudia moja moja: injini, mto, Percy anayeomba dua chini chini. Kwenye kituo cha afya cha bondeni, muuguzi Hortensia alimvisha barakoa ya oksijeni, na jioni aliweza kunywa uji.

"Mmewahi," muuguzi alisema. "Ubongo wake ulikuwa umeanza kuvimba. Mngengoja kesho, tungekuwa tunazungumza mengine. Atabaki chini. Safari hii hapandi tena."

"Lakini mimi ni hodari wa mbio!" Edelmira alilia.

"Mlima hauulizi nani hodari, binti. Mwili wa kila mtu unahitaji siku za kuizoea hewa ile, na hodari ndio huumia zaidi kwa sababu hawataki kupumzika."

Eusebio alikohoa. "Na mimi kichwa kiliniuma tangu jana," akasema akiangalia sakafu. "Niliona aibu. Nimezaliwa kule! Nilidhani mlima bado unanikumbuka."

Keshoye Bibi aliteremka na habari: vikunya walizungukwa tena alasiri ile, na safari hii hawakutoroka. Edelmira alilia kwa furaha, na kidogo kwa wivu.

Mwaka uliofuata walitoka mapema. Walilala bondeni siku kadhaa, wakapanda polepole. Jioni ya kwanza kijijini, Edelmira alisukuma bakuli la supu, akasema mbele ya wote, Percy akiwepo: "Bibi, kichwa kinaniuma kidogo."

Bibi Saturnina akatabasamu, akamvuta karibu na moto.

"Basi kesho hutoki, utapumzika. Kikizidi, tunashuka. Kikiisha, kamba ipo inakungoja." Akawatazama wote wawili, mjukuu na mwanawe. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu anayesema 'naumwa' mapema hajashindwa, wanangu. Huyo ametupa nafasi ya kumsaidia."