Matairi ya Theluji Kwenye Barabara ya Mvumi

Kila Jumamosi asubuhi mume wangu Respicius aliosha gari. Aliliosha kwa makini kuliko alivyopata kumwogesha mtoto wake. Tunakaa Area D, Dodoma. Yeye ni karani wa serikali, mimi nafundisha darasa la pili. Ulikuwa mwaka 2005. Magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yanaingia kwa wingi, na sisi watu wa mshahara tukapata letu.

Lakini letu halikuwa kama ya wengine. Lilitumia petroli na umeme. Nyuma ya kiti cha nyuma lilikuwa na betri kubwa. Likienda polepole, injini ilizima na betri ikalisukuma, kimya kabisa. Majirani walishangaa, na wengine walitucheka.

"Baba Erica, umeme ukikatika mtaani, utafika kazini?" waliuliza.

"Linajichaji lenyewe," Respicius alijibu huku akisugua kioo. "Nyie endeleeni na ngurumo zenu."

Aliupenda ule ukimya. Alikuwa akiingia uani bila mtu kumsikia, kisha anacheka peke yake.

Jumamosi moja alipita jirani yetu Sikudhani. Huyu dada ni mtunza stoo wa karakana moja ya magari. Kwa miaka kumi na saba amekuwa akipokea matairi na kuyagawa. Alisimama, akayatazama matairi yetu.

"Shemeji," alisema, "unaosha gari lenye viatu vilivyotoboka. Angalia kashata za tairi hili. Michoro yote imekwisha, limebaki kipara."

"Nitanunua mengine, dada."

"Siku mkienda, niiteni. Nitaangalia tu, sitawasumbua."

"Tutakuita," Respicius alisema.

Alipoondoka, mume wangu alinigeukia. "Yaani niende kununua matairi nikiwa naongozwa na mwanamke? Wauzaji watanionaje?"

Mimi nilicheka. Nilikuwa mwanamke, na bado nilicheka.

Wiki hiyohiyo mama yangu, Ruthu, alikuja kwa treni kutoka Gulwe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa miaka miwili nyuma kwa presha ya macho. Ugonjwa huo haukumuuma. Ulimla kidogo kidogo mpaka giza likajaa. Sasa ulikuwa umeanza kwenye jicho la kulia. Madaktari wa hospitali ya Mvumi walikuwa wamempangia upasuaji, na alitakiwa kufika Ijumaa.

"Daktari amesema hawezi kurudisha kilichopotea," mama alinieleza. "Anaweza kulinda kilichobaki. Nikibaki na hili moja linanitosha. Nitaona mtama wangu, nitaona nyuso zenu."

Basi Alhamisi tukaenda kutafuta matairi. Muuzaji mmoja kando ya barabara alikuwa ameyapanga mpaka juu ya kichwa chake. Yote yalikuwa ya mtumba. Mengine yalikuwa magumu kidogo. Mengine yalikuwa na kashata ndefu, meusi, yanang'aa kwa dawa.

"Bonyeza hapa, bosi," muuzaji alimwambia Respicius. "Laini kama mkate. Hili halina kelele."

Respicius alibonyeza kwa kidole gumba, akatabasamu. "Gari langu ni la kimya. Linataka tairi la kimya."

"Saizi yake ni hiyo?" niliuliza.

"Mama, ringi ni kumi na nne, na tairi ni kumi na nne. Linaingia bila shida," muuzaji alinijibu.

Niliinama. Pembeni mwa tairi niliona neno refu la kigeni, STUDLESS. Niliona tarakimu tatu, 386. Karibu na ringi niliona nyufa nyembamba kama nywele. Kazi yangu ni kuwaambia watoto kila siku, soma, na kama huelewi uliza. Karakana ya Sikudhani ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

"Tumwite Sikudhani?" nilisema kwa sauti ndogo.

"Yuko kazini, tusimsumbue," Respicius alijibu.

Nikanyamaza. Matairi manne yakafungwa.

Ijumaa tulichelewa kuondoka. Respicius alipitia ofisini kuacha karatasi, na tulipoanza safari ilikuwa saa sita, jua liko utosini. Ilikuwa Novemba, kabla ya mvua, wakati ardhi yetu inawaka.

Mama alikaa nyuma upande wa kushoto, mimi kando yake. Kiti cha mbele kilibaki na ndoo, mkeka na gunia la unga. Kwetu mama mkwe hakai bega kwa bega na mume wa binti yake. Hamsemeshi moja kwa moja wala hamtazami usoni. Akiwa na neno, hulipitisha kwa binti. Mama yangu aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili, na Respicius, ingawa ni mtu wa Bukoba, alijifunza kuiheshimu.

Tuliiacha lami, tukaingia kwenye vumbi. Respicius alikuwa anapiga mluzi.

"Mnasikia?" alisema. "Matairi hayana hata kelele."

Baada ya muda mama aliniinamia. Alisema kwa Kigogo, polepole, "Lydia, hapa chini yangu kuna kitu kinagonga."

"Ni barabara, mama."

Tukaenda tena. Akanishika mkono. "Si barabara. Barabara inagonga kote. Hiki kinagonga hapa kwangu tu, na kinazidi. Mwambie mwenzio asimame."

Nilimtazama Respicius kwenye kioo. Alikuwa na furaha. Matairi alikuwa ameyachagua mwenyewe, na nikimwambia yana kasoro mbele ya mkwewe angeaibika. Nilijua angekunja uso mpaka jioni. Hilo ndilo nililoliogopa, uso wa mume wangu.

"Tutaangalia tukifika, mama," nilisema.

Mama aliuachia mkono wangu. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kwa sauti, akamtazama Respicius kisogoni, akaufunga.

Hatukufika mbali. Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka kwa kishindo. Gari liliyumba huku na huku, likateleza, likaingia korongoni na kugonga ukingo. Mimi niliumia goti. Respicius hakuumia. Mama alirushwa mbele, uso wake ukapiga kiti. Hatukuwa tumefunga mikanda kule nyuma. Nilipomgeuza alikuwa ameziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Lydia," alisema, "mbona kumekuwa na ukungu mwekundu?"

Lori la mkaa lilitupakia hadi Mvumi. Walimpokea haraka. Daktari alimpima, kisha akatuita pembeni.

"Jicho limejaa damu ndani," alisema. "Ule upasuaji tuliopanga leo haufanyiki. Jicho hili lilikuwa dhaifu tayari. Tutajitahidi, lakini sitaki kuwadanganya."

Walijitahidi kweli. Mama alikaa wodini wiki tatu. Ukungu mwekundu ukawa kijivu, na kijivu kikawa giza. Siku ya mwisho daktari alimmulika kwa tochi, akamuuliza mwanga uko upande gani. Mama aligeuza uso upande ambao mwanga haukuwepo.

Respicius alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Nilichagua matairi kwa kiburi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimsemesha mama ana kwa ana. Mama naye akamjibu moja kwa moja.

"Mkwe wangu, mimi nilisikia lile tairi. Niliona haya kukuita."

Respicius alishangaa. "Ulisikia?"

Mama hakunitaja. Nilijitaja mwenyewe. "Aliniambia mara mbili," nilisema. "Sikukwambia." Nililia, na hakuna aliyeninyamazisha.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Jioni moja nilimfuata Sikudhani mwenyewe. Alikuja, akachuchumaa kando ya tairi lililopasuka, akalipapasa. Nilitegemea atugombeze. Hakutugombeza.

"Shemeji, mwalimu, njooni msome pamoja nami," alisema. "Neno hili mliliona?"

"Niliona," nilijibu. "Sikulielewa."

"Wajapani wanaliandika kwenye tairi la theluji. Kwao kuna miezi ya baridi kali, barabara inafunikwa na barafu. Mpira wa tairi hili umetengenezwa laini ili ushike kwenye baridi. Ukiuleta kwenye jua la Dodoma unazidi kulainika, unachemka, unaachana tabaka kwa tabaka. Matairi mengine hayana neno hili, yana picha ya mlima na theluji ndani yake. Ukiiona, usilipe kabla hujauliza."

"Lakini kashata zilikuwa ndefu," Respicius alisema.

"Kashata ndefu si ujana. Umri wa tairi umeandikwa. Soma hapa, 386. Mbili za mwanzo ni wiki ya thelathini na nane, ya mwisho ni mwaka, 1996. Tairi hili lina miaka tisa. Yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona tarakimu tatu tu, jua ni la zamani, liache. Na nyufa hizi ni mpira uliokauka. Wanazipaka dawa tu."

Kisha alifungua mlango wa dereva, akatuonyesha karatasi iliyobandikwa pale. Maandishi yalikuwa ya Kijapani.

"Sisi hatujui Kijapani," nilisema.

"Namba ni zilezile, mwalimu. Gari linataka upana wa 175, ringi 14. Nyie mmefunga 155. Na pembeni mwa tairi, baada ya saizi, kuna namba ya uzito. Yale ya zamani, yaliyokuja na gari, yalikuwa na 82. Haya yana 75. Gari lenu lina injini, tena lina betri kubwa. Ni zito kuliko linavyoonekana. Mkaongeza watu na gunia. Tairi jembamba lilibeba mzigo usio wake."

Respicius alikaa chini kwenye vumbi, na suruali yake ya ofisini. "Sasa ninunue yapi?"

"Ya majira yote. Hapa kwetu kuna miezi ya jua na vumbi, kisha miezi michache ya mvua na utelezi. Huwezi kubadilisha matairi kila mara. Chukua mpira unaostahimili joto, wenye mifereji ya kutoa maji. Chukua saizi hii hii, namba ya uzito 82 au zaidi, na mwaka wa karibuni. Yawe manne ya aina moja. Ukitaka ukimya, utaupata kwa upepo sahihi. Kipimo chake kimeandikwa hapahapa mlangoni. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Upepo ukipungua, tairi linachemka, na hiyo petroli unayojivunia kuiokoa inaondoka."

Jumamosi tulikwenda dukani watatu. Respicius alimtanguliza Sikudhani. Muuzaji alileta tairi, akaanza kulisifu.

"Subiri," Respicius alisema. Alichuchumaa, akaanza kusoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama watoto wangu wa darasa la pili. "Hili ni la mwaka gani? Namba ya uzito iko wapi?"

Matairi mawili aliyakataa. Wateja wengine walianza kugeuza yao na kuyaangalia. Hakuna aliyemcheka kwa kuongozana na mwanamke. Na hata kama wangecheka, ingekuwa nini?

Mvua zilipoanza, watu wa mtaa wetu walikuja mmoja mmoja na magari yao. Sikudhani aliwasomea tarakimu, na Respicius aliwapimia upepo. Gari moja la jirani tuliliondolea tairi la miaka kumi na moja. Mwenye nalo alikuwa anapeleka watoto shule kila siku. Nilifurahi. Lakini furaha yangu ya siku hizo ilikuwa na shimo katikati.

Februari mama alitaka kurudi kwake. Tulimpeleka kwa gari. Safari hii alikaa mbele, pembeni ya mkwewe, amefunga mkanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilikuwa tope tupu. Tulipita lori na gari dogo vimekwama mlimani. Letu lilipanda polepole, likashika, halikuyumba. Njiani Respicius alimuuliza mama, "Unasikia chochote, mama?" Mama alitega sikio, akasema hapana, liko salama, endelea. Tulifika Gulwe mchana, mzima kila mtu.

Nilimshika mama mkono hadi ukingo wa shamba lake. Ndugu walikuwa wamemlimia. Alisimama, akanusa hewa, akauliza, "Mtama umefika wapi?"

"Umefika magotini, mama. Umestawi."

"Magotini kwangu au kwako?"

Nilitazama vizuri. "Kwako. Kule karibu na korongo umezidi, umefika kiunoni. Katikati kuna sehemu ya manjano, maji yametuama."

"Na majirani?"

"Wa kwao ni mfupi."

Alicheka kidogo. Kisha akanigeuzia uso, macho yake mawili wazi, yananitazama na hayanioni.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Niambie kila unachokiona. Usinifiche hata kimoja."

Nikaanza upya kutoka mstari wa kwanza wa mtama.