Mwenzake wa Stoo

Giza lilipoanza kuingia nilikwenda dukani kununua mishumaa. Umeme ulikuwepo. Nilitaka mbwembwe tu, maana klabu yetu ya vitabu ilikuwa inakutana kwangu, na zamu ya kueleza hadithi za kigothi ilikuwa yangu.

Kabla wageni hawajafika, nilimfungia mama mkubwa stoo.

Tangu apooze mikono huongea peke yake, na mate humtoka. Nilimwekea godoro, nikamwambia ni kwa muda mfupi. "Sawa, mwanangu," alisema. Niliona aibu, lakini komeo nililisukuma.

Sebuleni nilijimwaga. Niliwaeleza kwamba hadithi hizi zilizaliwa Ulaya, karne ya kumi na nane, na jina zikalipata kutokana na majengo ya kale ya mawe. Jumba bovu. Ukoo wenye siri. Chumba kisichofunguliwa, na ndani yake…

Ngo. Ngo. Ngo.

Mwanachama mmoja, mwalimu wa hesabu, aliruka kitini. Kisha wote wakacheka, wakapiga makofi.

"Wewe kiboko! Umemficha nani huko?"

"Siri ya jumba hiyo," nilijibu huku nikitabasamu. Uso uliniwaka. Mtu aliyenilea nilikuwa nimemfanya kichekesho cha wageni.

Ngo! Ngo! Ngo!

Nilisingizia kwenda kuchemsha chai, nikafungua stoo. Ilinuka dawa ya kuchua, na harufu nyingine… udongo mbichi. Mama mkubwa alikuwa amelala mbali na mlango, mikono kifuani, vilevile nilivyomwacha.

"Mama mkubwa, umegonga na nini?"

"Si mimi," alinong'ona. "Ni mwenzangu. Nimemwambia atulie, una wageni. Tusikuaibishe."

Tusikuaibishe… Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimwinua, nikamshika kiuno, tukatoka pole pole hadi sebuleni.

"Huyu ni mama yangu mkubwa," nilisema. "Nilimfungia kwa sababu namwonea haya."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeinuka kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Lakini mama mkubwa hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama mlango wa stoo, ambao niliuacha wazi kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa umefungwa. Komeo limesukumwa hadi mwisho.

"Mwanangu," mama mkubwa aliniuliza kwa huzuni, mbele ya wote, "mbona mwenzangu umemwacha?"