Mfuko wa Damu wa Mzee Opolot

Saa kumi kasoro robo, Jumapili alasiri. Kawuki alizima televisheni dakika kumi kabla picha haijaisha.

"Na hii nayo?" Birungi alilalamika. "Hata siku moja hutuachii tuone mwisho."

"Mwisho wao hautuhusu. Mbinu ya mlango tumeichukua kwenye picha za Wachina, ya gari kwa Wamarekani. Mwisho tunautunga wenyewe."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha kibanda cha video cha Kawuki, mtaa wa Ndeeba. Kawuki, mwongozaji, ambaye hakuwahi kumaliza filamu hata moja. Birungi, dereva. Zziwa, aliyeacha jeshi bila kuaga. Na Mutyaba, mchomeleaji wa Katwe, aliyetengeneza bunduki kwa mbao na mabomba ya maji, na damu kwa sabuni na rangi ya chakula.

Mchoro ulikuwa sakafuni, kwa chaki. Duka la mnunuzi wa dhahabu, Nakasero. Mlango wa barabarani, chumba kidogo cha kati, mlango wa ndani. Yote ya chuma. Mlinzi alikaa nyuma ya ule wa ndani, na wenzo mmoja kando ya kiti chake ulifungua na kufunga milango yote miwili kwa mpigo. Kila Jumapili tangu mvua zianze, mwenye duka aliwaruhusu wapige picha pale kwa sharti moja: yeye aigize waziri.

Dukani kila mtu alishazoea. Genge linasimama chumba cha kati, milango imefungwa. Mutyaba anagonga vibao vyake viwili vya mbao mara moja, picha inaanza; akigonga mwingine, mlinzi hafungui. Mlinzi, Mzee Opolot, anainua wenzo, anatoka, anamrukia Zziwa, anapigwa risasi, anaanguka. Makarani wanainua mikono huku wanacheka. Vibao vikigongwa mara mbili, basi. Kila mtu anarudi alipoanzia, na mzee anafunga milango.

"Kesho mzigo wa dhahabu wa Mubende unafika kupimwa," Kawuki alisema. "Nimemwambia tajiri kuna kipande cha kurudia. Tunaingia, tunacheza, tunabeba. Watakuja kushtuka tumeshapita Masaka."

"Kwa bunduki za mbao," Mutyaba alisema.

"Za mbao, kaka. Nani wa kumtisha pale?"

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu. Ndani ya gari.

Mutyaba alizijua bunduki zake kwa uzito. Alipoinua ya Zziwa aifunge mkanda, mkono ulishuka. Akachomoa magazini. Ilikuwa imejaa risasi za kweli.

"Dairekta."

"Nimekusikia."

"Mzee atamrukia Zziwa. Ndivyo tulivyomfundisha."

"Ndiyo." Kawuki alikuwa akifuta lenzi ya kamera. "Akiigiza tu, ataamka aone tunabeba kweli, na wenzo uko karibu naye. Akianguka kikwelikweli, makarani watapiga makofi. Fikiria, bwana."

"Hatukukubaliana hivyo."

"Huo ndio mwisho. Si nilisema tunautunga?"

Zziwa alichukua bunduki yake, akairudishia magazini. "Wewe gonga vibao vyako," alisema. "Kazi nyingine waachie wanaume."

Saa tatu kasoro dakika tano. Mutyaba alikuwa amepiga goti mbele ya Mzee Opolot, akimfunga mfuko wa damu kifuani, chini ya shati. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Zziwa alisimama hatua mbili nyuma yao.

"Mzee, leo usiruke."

"Nisiruke?"

"Kaa kitini. Inua mikono tu."

"Ssebo, wajukuu zangu kule Soroti wanajua mimi ndiye steringi, shujaa wa picha. Steringi gani anainua mikono?"

"Dairekta kabadilisha."

"Dairekta," Opolot aliita. "Huyu eti nisiruke."

Kawuki alitabasamu. "Ruka kuliko siku zote, mzee."

"Funga kamba," Zziwa alimwambia Mutyaba, polepole.

Mutyaba akafunga. Fundo lilimponyoka, akalirudia.

Saa tatu na dakika saba. Dhahabu ilikuwa kwenye mizani. Watatu walisimama chumba cha kati, kila mmoja kwenye alama yake ya chaki. Birungi alikuwa nje, gari linaunguruma. Kawuki aliinua kamera na kuashiria kwa kichwa waanze.

Mutyaba aligonga mara moja.

Wenzo ukainuka. Milango ikafunguka. Opolot alitoka mikono wazi, anacheka kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake. Zziwa aliinua mtutu hadi usawa wa mfuko.

Mutyaba aligonga mara mbili.

Opolot alisimama hapo hapo. Zziwa alishusha bunduki na kurudi hatua mbili nyuma, kwenye chaki yake. Mwili ulifanya hivyo kabla yeye hajafikiri. Kawuki alimgeukia Mutyaba.

"Nani kakwambia ugonge?"

Nyuma ya mgongo wa Kawuki, Opolot alirudi ndani, akakaa kitini, akaweka shati sawa na kushusha wenzo. Milango yote miwili ikajifunga.

Kawuki aliusukuma wa ndani. Akausukuma wa nje. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Gonga moja."

"Hapana."

"Gonga afungue, Mutyaba."

Mutyaba aliviweka vibao sakafuni, akavikalia. Zziwa alimwekea mtutu shingoni. Kwenye kidirisha cha kioo kinene cha mlango wa ndani, Opolot aliwatazama na kuinua dole gumba. Aliona wanaigiza vizuri.

"Muue, halafu nani atagonga?" Kawuki alifoka. "Piga kioo."

Zziwa alipiga. Kioo kiliingia nyufa kama utando wa buibui, lakini hakikutoboka. Risasi ilirudi na kuingia pajani mwa Kawuki. Nje, gari la Birungi liliongeza moto na kuondoka.

Opolot alitazama damu ikitambaa sakafuni, nyeusi kuliko ile ya sabuni ya Mutyaba. Akajipapasa kifuani. Makarani walikuwa bado wanacheka alipobonyeza kengele ya hatari.

Saa tatu na dakika thelathini na moja. Polisi waliwatoa watatu, mmoja kwa machela. Mutyaba aliondoka akiwa na pingu, vibao vikabaki sakafuni. Mzee Opolot alikuwa bado kitini, mkono kwenye wenzo. Mfuko wa damu kifuani mwake haukuwa umepasuka.