Majani Matatu ya Mwembe Mmoja

Kila asubuhi Rispah alifagia mavi ya mbuzi kibandani, akateka maji kisimani, kisha akanawa miguu na kukimbia shuleni, karibu na Mabanga. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Eliakim, alifanya kazi katika shamba la mahindi la mzungu huko Kitale, na nyumbani alibaki Rispah na mama yake, Nekesa. Kazi za nyumbani hazikumchosha. Alichokichukia ni kutembea mbali.

Mwaka huo wa 1951 miembe ilizaa sana. Mwalimu Walubengo, aliyefundisha kilimo, aliwaambia wanafunzi wake, "Jumatatu kila mtu alete matunda na majani ya miembe mitatu tofauti. Miembe haifanani. Mmoja huzaa tunda refu lenye ncha iliyopinda, mwingine tunda dogo la mviringo lililojaa nyuzi. Hata majani hutofautiana kwa upana na kwa harufu. Tutachagua aina bora, tuoteshe kokwa zake hapa shuleni, na wazazi wenu wachukue miche wakapande."

Jumamosi Cheptoo, aliyekaa na Rispah dawati moja, alimpitia nyumbani.

"Twende ng'ambo ya mto, kwa Mzee Wakhungu. Watu wanasema embe zake ni tamu sana."

"Kule ni mbali, na njia ni matope," Rispah akajibu. "Mimi nitatafuta hapa karibu."

Cheptoo akaenda peke yake.

Nyuma ya zizi la jirani palikuwa na mwembe mkubwa usiotunzwa na mtu. Chini yake maembe yalikuwa yameanguka juu ya kinyesi cha ng'ombe, yakapasuka na kuwa meusi. Yalinuka kama pombe iliyochacha, na nzi wa kijani walikuwa wameyafunika. Rispah aliziba pua. Akaokota embe moja la kijani, la pili la manjano, na la tatu lililoanza kupata madoa. Kisha akachuma jani changa jekundu, jani la kijani hafifu, na jani gumu la kijani kilichokolea. Alipoyatazama, kweli yalionekana kama yametoka kwa miti mitatu.

Kabla ya kuondoka aliokota jingine la manjano, akalifuta kwenye gauni na kuling'ata bila kulitazama. Lilikuwa na ladha ya mafuta ya taa, na nyuzi zilimnasa katikati ya meno. Kitu laini kiliteleza juu ya ulimi wake. Akadhani ni nyama ya embe, akameza.

Kikapu alikificha chini ya kitanda. Jumapili mama yake alisimama mlangoni, amekunja uso.

"Rispah, ni nini kinanuka humu ndani?"

"Labda panya amekufa, mama. Nitamtafuta."

Jumatatu asubuhi kikapu kilikuwa kimelowa chini, na maji yake yenye utelezi yalimchuruzikia mguuni njia nzima.

Darasani, zamu yake ilipofika, aliyapanga matunda yake mezani. "Hili ni la kwetu, hili la kanisani, na hili la manjano ni la Mzee Wakhungu."

"La Mzee Wakhungu lina ladha gani?"

"Tamu sana, mwalimu."

"Basi huenda tukaotesha hilo," akasema Mwalimu Walubengo, akachukua kisu.

Embe lilipopasuka, harufu iliwafikia hadi waliokaa nyuma. Ndani mlikuwa na uji wa rangi ya matope, na mabuu meupe yalijipindapinda humo, mengine yakaruka mpaka mezani. Wanafunzi wakarudi nyuma wakifunika midomo. Mwalimu mwenyewe alikwenda dirishani akatema mate. Akapasua la pili, nalo likawa vivyo hivyo.

Rispah alikumbuka kile kitu laini kilichoteleza kooni. Alikimbia nje, akatapika kando ya ua hadi zikatoka nyuzi za embe.

Alirudi machozi yakimtoka. Mwalimu alifikicha majani matatu ya Rispah, moja baada ya jingine, akampa Cheptoo.

"Nusa."

Cheptoo alinusa yote, akamtazama rafiki yake. "Yananuka mafuta ya taa, mwalimu. Yote."

"Na haya uliyoyaleta wewe kutoka kwa Mzee Wakhungu?"

"Haya hayanuki hivyo. Tena ni membamba."

"Jani la mwembe huu huota jekundu, likawa kijani hafifu, halafu likakolea," mwalimu akaeleza. "Haya yanatofautiana kwa umri, si kwa aina. Rispah, ulikwenda kwa Mzee Wakhungu?"

Rispah alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Hapana, mwalimu. Yote ni ya mwembe wa nyuma ya zizi. Sikuvuka mto."

Siku hiyo tumbo lilimsokota mpaka jioni. Alimweleza mama yake kila kitu, hata habari ya panya. Mama alimpa uji mwepesi, kisha akampa jivu akasugue kikapu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Rispah na Cheptoo walivuka matope pamoja. Mke wa Mzee Wakhungu aliwakaribisha na kuwapa maembe marefu. Rispah aliliosha lake, akalikata, akalichungulia vizuri kabla ya kuonja. Lilikuwa tamu, na nyuzi zake chache.

Kokwa za maembe hayo ndizo zilizooteshwa. Rispah alipokuwa akifukia yake, Mwalimu Walubengo alichuchumaa karibu naye.

"Embe bovu tulilipasua, tukaliona, tukalitupa," akasema. "Lakini kama ningeliamini neno lako, watu wangepanda mbegu ya ule mwembe wa zizini. Wangepalilia na kungoja miaka mingi, halafu waje kula nyuzi na mafuta ya taa. Ukitumwa kwenda kuona jambo, nenda ulione. Kama hukwenda, sema hukwenda."

"Nimesikia, mwalimu," akasema Rispah, akaushindilia udongo kwa mikono yake miwili.