Ndago za Mhandisi Nyemo

Mpalizi alipoingia bustanini, kuku wa jirani walikimbilia ukingoni. Alikuwa mashine ya ukubwa wa mbuzi, mwenye miguu sita na mikono miwili myembamba. Tumboni alibeba kisikizi, chombo kinachotuma mlio udongoni na kusikiliza unavyorudi, kama popo anavyofanya hewani. Kwa mlio huo alitambua kila kinundu cha ndago, yale magugu sugu, kilichojificha chini. Mkono ulishuka, ukakinyofoa, ukakitupa kwenye tanuri dogo mgongoni. Tss! Kimekwisha.

Mhandisi Nyemo Chidawali, aliyemuunda, alikuwa barazani na kikombe cha uji, akicheka peke yake. Ulikuwa mwaka 2087. Dodoma ilikuwa imejaa bustani, kwa kuwa mvua yote sasa ilihifadhiwa chini ya mitaa na kugawiwa majumbani. Maji yalileta mchicha, yakaleta na ndago. Uzing'oe leo, keshokutwa zimechomoza tena, ncha zake kali kama sindano. Wengine walikwisha kusakafia bustani zao kwa hasira.

"Vinundu elfu mbili mia nne na sita," Mpalizi alitangaza adhuhuri. "Bustani ni safi."

Nyemo akaipigia simu kamati ya bustani ya jiji, akaialika ije baada ya wiki mbili. Wakiridhika, kila mtaa ungepata Mpalizi wake.

Siku ya tisa alifungua mlango wa nyuma, kikombe kikamponyoka. Ndago zilikuwa zimejaa kama zilizopandwa kwa makusudi. Akamwasha Mpalizi. Mpalizi akapalilia, akatangaza usafi, na siku tatu baadaye ndago zikarudi nene kuliko mwanzo. Kamati ingefika siku mbili baadaye. Nyemo alikagua kisikizi, akakagua mikono, hakuona kasoro. Ndipo alipomkumbuka Bi. Matika.

Bi. Matika alikuwa mpalizi wa kweli, mwenye damu na jembe, anayejulikana mtaa mzima wa Kikuyu, hapo Dodoma. Miaka miwili iliyopita Nyemo alimwajiri kwa miezi mitatu avae glavu na mkanda wa kunasa mwendo, na kila aliposogeza kidole au mgongo, mwendo huo uliingia katika akili ya Mpalizi. Kisha akashukuriwa, akapewa doti ya kanga, mkataba ukaisha. Mashine arobaini za majaribio, za aina ya Mpalizi, zilipogawiwa majirani mwezi ule, hakuna aliyemwita tena Bi. Matika. Nyemo naye hakuwahi kwenda kumjulia hali, ingawa nyumba zao zilitengana kwa mitaa mitatu tu.

Alimkuta kizingitini akibangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Miaka miwili! Nilidhani mashine imekupalilia na wewe."

Nyemo alieleza yaliyompata. Bi. Matika alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Ndago ni kama shanga kwenye uzi," alisema. "Kinundu cha juu ndicho kaka mkubwa. Akiwepo, wadogo zake wanalala. Ukimnyofoa, uzi ukakatika, wote wanaamka."

Nyemo akashika kichwa. Kisikizi hakikuweza kusikia kinundu kilicho kidogo kuliko punje ya mtama. Kwa kila kimoja alichochoma, Mpalizi alikuwa ameamsha vitatu.

"Sasa wewe ulikuwa unazimalizaje?"

"Nang'oa, halafu nafunika shamba lote kwa marando ya viazi vitamu, yale mashina yanayotambaa. Ndago inapenda jua kupita kiasi. Ikikosa jua, inachoka yenyewe."

"Lakini mama, ulipovaa glavu hukupanda marando hata siku moja!"

"Mkataba ulisema kupalilia."

Walikwenda pamoja bustanini, Bi. Matika akitembea polepole. Hakuwa amewahi kumwona Mpalizi kazini, hivyo Nyemo akamwasha. Mashine ilimaliza tuta la kwanza, ikasimama, ikainamia kushoto, ikaweka mkono nyuma kiunoni. Baada ya muda ikaendelea. Mwisho wa tuta la pili ikafanya vilevile.

"Mbona anafanya hivyo?" Bi. Matika aliuliza.

"Zote arobaini hufanya hivyo. Tuliona kwamba hapo anapiga hesabu ya tuta linalofuata."

Bi. Matika hakucheka. Alisogea karibu, akaitazama mpaka iliposimama mara ya tatu.

"Hiyo ni nyonga yangu," alisema.

"Nyonga?"

"Ilianza kuuma miezi ileile ya glavu. Sikusema. Niliogopa mtatafuta mtu mwingine."

Nyemo alimzima Mpalizi. Maumivu ya mwanamke huyu alikuwa ameyaona maelfu ya mara, akayaandika kwenye ripoti kuwa ni akili ya mashine.

"Kesho tunakwenda hospitali, mama."

"Leo tunapanda marando. Nyonga imeshasubiri miaka miwili, ndago hazisubiri."

Wakapanda hadi alasiri. Nyemo alichomeka marando kichwa chini, akagombezwa, akayachomoa. Kamati ilipofika aliwaambia ukweli: Mpalizi hakuwa tayari, na kosa halikuwa la mashine bali lake mwenyewe. Mwenyekiti alinung'unika, akampa msimu mmoja wa kurekebisha.

Msimu ule matembele, majani ya viazi vile, yalitanda yakafunika udongo wote, na ndago zilizobaki chini yake zikawa njano, nyembamba kama nywele. Bi. Matika aliwekewa nyonga mpya hospitalini, akaanza kutembea akiwa amenyooka. Nyemo alimletea mkataba mwingine, wa kuwa mwalimu wa mashine zote arobaini, jina lake likiwa juu ya la Nyemo.

Bi. Matika aliusoma mara mbili. "Nitavaa glavu," alisema, "lakini kwanza wahandisi wako wote waje wapalilie. Kwa mikono."

Wakaja saba, Nyemo akiwamo, na kofia zao nzuri. Walipiga magoti kwenye matuta ya jirani, wakaanza kwa utani mwingi. Saa moja baadaye utani ulikuwa umekwisha. Bi. Matika alipita katikati yao taratibu, akasimama juu ya Nyemo aliyekuwa ameshika kiuno.

"Simama kidogo, mwanangu," alisema. "Sasa niambie, mgongo unasemaje?"

"Unasema mengi, mama."

"Basi yaandike."